Karafuu Kwenye Gogo

Ngorongoro
Ijumaa mchana

Mwanangu Marselina,

Miezi tisa ni mingi mno kwa mama kukaa bila kumwandikia mtoto aliye mwendo wa saa mbili tu kwa gari, na nakuomba radhi kabla hata sijakusalimu. Kisingizio sina. Karatasi zilikuwepo, bahasha zilikuwepo, na gari la mboga la hoteli linashuka Karatu mara tatu kwa wiki. Kila mara mzee Daudi, dereva wake, aliniuliza kama nina mzigo wa nyumbani. Nilimpa sabuni, nilimpa sukari nilipoipata, mara moja nilimpa lile sweta la kijani. Barua sikumpa. Sukari unaweza kuituma bila kueleza kitu.

Leo anashuka saa tisa alasiri. Kesho alfajiri wewe unapanda basi la Arusha kwenda kuanza kidato cha kwanza. Kwa hiyo nina saa tatu kasoro, na mashuka ya vyumba vya chini bado hayajapigwa pasi. Naandika juu ya meza ya pasi, mstari hapa, shuka pale. Ukiona karatasi imebadilika rangi pembeni, ni joto la pasi, usidhani ni kitu kingine.

Habari za ndoo, jembe na kuweka jina kwenye shuka sitaziandika. Bibi yako ameshakuambia hayo yote, namjua Aama, na kama hukumsikia mara ya kwanza ulimsikia mara ya nne. Mimi nataka kukuandikia juu ya lile neno.

Clove.

Sijawahi kulitaja mbele yako tangu siku ile, na wewe hukulitaja, lakini nilisikia kwamba wenzako walikuita Karafuu mpaka mkamaliza darasa la saba. Nitalisimulia tangu mwanzo, kwa upande wangu. Upande wako unaujua, na hukuwahi kumwambia mtu.

Ilikuwa Jumapili, wakati wa masika, nimekuja nyumbani kwa siku mbili. Ulikuwa umekaa mlangoni na daftari la Kiingereza magotini. Mwalimu Boay alikuwa amewapa sentensi kumi za kutafsiri kutoka kwenye kile kitabu chake cha zamani kilichoachwa na wamisionari, na moja ilikushinda. The old man clove the log with one blow. Ulinisomea mara mbili. Mimi nilikuwa napepeta maharage, wala sikuweka ungo chini. Nikasema clove ni karafuu.

Nililijua neno hilo kwa sababu jikoni hapa hotelini kuna chupa imeandikwa Cloves, na mpishi hunituma niilete anapopika pilau. Katika Kiingereza chote nilichokuwa nacho, hilo lilikuwa moja ya maneno niliyoyajua kwa hakika. Nimelishika kwa mkono, nimelinusa.

Ulirudi kwenye mstari ule kwa kidole. Halafu ukasema, kwa ile sauti yako ya kutotaka kumkosea mtu, kwamba labda maana yake ni kupasua, kwa kuwa baada yake kuna gogo na mwishoni kuna pigo moja. Ulikuwa umefika, mwanangu. Hukuwa na kamusi. Ulitazama majirani wa neno ukalijua neno lenyewe. Mimi nikakujibu:

"Nani amemaliza sekondari hapa, mimi au wewe?"

Ukaandika nilivyotaka. Mzee alitia karafuu kwenye gogo kwa pigo moja. Tena kwa mwandiko mzuri. Hata leo nikiikumbuka sentensi hiyo kicheko kinanijia, halafu kinakwama.

Wiki mbili baadaye nilishuka tena kwa mkutano wa wazazi wa darasa la saba. Nilivaa gauni la maua na vile viatu vya kisigino nilivyoachiwa na mgeni, nikaenda kukaa benchi la mbele. Nilikaa mbele kwa sababu wazazi wengi pale waliishia darasa la nne, na mimi ndiye niliyekuwa yule aliyesoma. Mwalimu mwenyewe alizoea kunisalimia kwa Kiingereza mbele ya watu, na mimi nilimjibu kwa sauti ya kuwafikia wa benchi la nyuma.

Mwalimu akazungumza juu ya mtihani na utoro. Kisha, ili watu wachangamke, akasimulia habari ya karafuu. Alisimulia vizuri, ana kipaji hicho. Akauliza kama huyo mzee alikuwa anapika pilau ya magogo. Wazazi wakaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale wasiojua neno hata moja la Kiingereza. Mimi pia nilicheka. Nakuambia kwa sababu hukuuona uso wangu, ulikuwa umesimama ukutani nyuma na wenzako. Nilianza kucheka kabla sijajua ninacheka nini. Nilipojua, niliendelea, ili nisionekane nimeacha.

Akakuita mbele. Kwa utani tu, hakuwa na ubaya wakati ule, akakuuliza ni nani aliyekufundisha mapishi hayo.

Ukasema, "Mama alinisaidia, mwalimu."

Hukusema nilikulazimisha. Hukusema ulijua nikakukataza. Ulisema nilikusaidia.

Akanigeukia. "Ni kweli, Mama Lina?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Mimi nisingeweza kusema hivyo. Labda aliota."

Watu wakacheka tena, na safari hii walikuwa wanacheka pamoja nami. Mwalimu hakucheka. Alisema kukosa neno ni jambo la kawaida, lakini kumsingizia mzazi mbele ya wazazi wenzake hawezi kulivumilia, akachukua fimbo iliyokuwa dirishani. Mbili, kiganja cha kulia. Mkono uliunyosha mwenyewe. Ulinitazama mara moja tu, kabla ya ile ya kwanza, kisha ukatazama chini upesi, kama ninavyofanya mimi nikifungua mlango wa chumba nikakuta mgeni anavaa.

Njiani ulitangulia na kikapu changu. Mimi nyuma nilikuwa natayarisha majibu, maana nilijua utaniuliza. Nilikuwa nayo matatu, na kila moja lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Tulipofika uliweka kikapu, ukaniambia, "Mama, nikuchemshie maji ya kuoga?"

Ukayachemsha. Ukayapeleka bafuni kwa mkono ule ule.

Asubuhi yake nilirudi kazini, na tangu hapo nimekuja huko nyumbani Rhotia mara mbili, zote mbili ukiwa shuleni, zote mbili nimeondoka kabla hujarudi. Krismasi nilimwambia mzee Daudi awaambie kwamba hoteli imejaa. Haikujaa. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe hoteli hii haijajaa hata siku moja. Krismasi ile tulikuwa na wageni wanne, na wawili kati yao walikuwa wagonjwa wa tumbo.

Sasa nikueleze jambo ambalo Aama hakukuambia kwa sababu nilimwapisha asilitamke. Sikumaliza sekondari. Niliishia kidato cha pili, muhula wa pili. Walitupanga mstari, muuguzi akawa anabonyeza matumbo, na jioni yake nilikuwa juu ya lori la mahindi na sanduku langu la bati. Wewe unajua hesabu. Mimi nina miaka thelathini na mmoja, wewe kumi na minne. Nadhani hesabu hiyo ulishaipiga siku nyingi, ukanihurumia.

Usije ukasema moyoni kwamba wewe ndiye uliyenifukuzisha. Hapana. Hilo nakukataza kabisa kulifikiri. Nakuambia ili ujue ni kitu gani nilikuwa nakilinda siku ile.

Nilipokuja kuomba kazi hapa waliniuliza elimu yangu, nikasema sekondari. Karani akaandika kidato cha nne, na mimi niliona anavyoandika, nikanyamaza. Nyumbani nako nikasema vivyo hivyo. Uongo wa namna hiyo ni kama sufuria ya maziwa mekoni, huwezi kuuacha ukaenda mahali, lazima uwe karibu unautazama. Miaka kumi na mmoja nimeutazama. Mwalimu aliponiuliza kama ni kweli, mimi sikuwa nakutazama wewe, nilikuwa natazama maziwa yangu yasifurike.

Na kuna jambo la kunichekesha, kama ningekuwa na moyo wa kucheka. Shuleni kwetu vile vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni tulikuwa tunaviimba kwa mpangilio wa herufi, vitano kila wiki, tumesimama. Nilipofukuzwa tulikuwa kwenye build, burn, buy. Wiki inayofuata ilikuwa catch, choose, cleave. Nilikosa kwa wiki moja.

Baada ya mkutano ule nilikaa siku nyingi nikijua tu kwamba nilikosea, bila kujua neno lenyewe ni nini. Hapa kuna chumba chenye moto wa kuota, na ndani yake kabati la vitabu vinavyoachwa na wageni. Kazi ya kulifuta vumbi ni yangu. Siku moja nikatoa kamusi nzito, nikatafuta clove. Maana ya kwanza, karafuu. Nikafurahi, Marselina. Kwa nusu dakika hivi nilikuwa na haki. Halafu chini yake pameandikwa, clove, tazama cleave.

Nikatazama. Cleave ni kupasua, hasa kwa shoka au upanga. Leo mtu anasema cleave, jana alisema clove, na kitu kilichokwisha kupasuliwa ni cloven. Au cleft. Au cleaved. Kamusi inakupa njia tatu halafu inakuacha hapo njia panda. Kiswahili chetu hakina tabu hiyo, anapasua, alipasua, amepasua, mabadiliko yote yako mbele na pasua yenyewe inabaki salama. Kitenzi hiki chao kinabadilika tumboni. Unasoma kliv, unageuka inakuwa klov, na karafuu wa watu ameshaingia katikati.

Nikadhani yameisha. Mstari wa chini yake nikakuta cleave nyingine, herufi zile zile, sauti ile ile, na maana yake ni kugandama, kung'ang'ania usiachie. Hii wakati uliopita wake ni cleaved tu. Nilidhani macho yangu yana kasoro. Nikasoma tena nimepiga magoti kwenye zulia, na kitambaa cha vumbi mkononi.

Nilimsimulia Lemburis, askari wetu wa getini, Mmasai kutoka kijiji cha Arash ambaye hakukanyaga shule lakini anajua kila mtu hapa amemdanganya nani. Huja kunywa chai mlangoni pa chumba hiki cha dobi. Nilimweleza habari ya neno tu, yako sikumweleza. Akafikiri, akaniuliza, sasa mzungu akimwambia mkewe neno hilo, mke atajuaje kama anaachwa au anashikwa? Tukacheka mpaka mpishi akatoka kutazama. Nikamwambia kwamba kwato ya ng'ombe nayo kwa Kiingereza huitwa hivyo, cloven, yaani iliyopasuliwa. Hapo hakucheka. Alisema ng'ombe na mbuzi wana kwato ya namna hiyo, punda hana, na ndiyo maana punda huteleza penye mawe. Pande mbili za kwato hubana jiwe. Mbuzi anashika mlima kwa pale palipopasuka.

Nilirudi ndani nikapiga pasi foronya ishirini, na sikumbuki hata moja.

Tangu siku ile nimekuwa nalitafuta neno hili vitabuni kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono. Kila kitabu kinachoachwa na mgeni napitia. Sielewi yote ninayosoma, mengine naruka, lakini jicho limezoea. Nimelikuta mara saba, na kila mara nimeandika nyuma ya daftari la nguo. Katika hadithi ya mabaharia, meli yao clove maji, yaani iliyapasua ikapita. Katika hadithi ya vita, mtu clove kofia ya chuma ya adui yake pamoja na kichwa. Katika shairi moja kuna ndege anapasua hewa, na hapo ni cleaves. Shetani wa hadithi moja ana mguu cloven. Jabali lililopasuka, kwa jabali huwa wanasema cleft, sijui kwa nini, na nimeona hawachanganyi, kwato ni cloven na jabali ni cleft. Fundi wa vito alipasua jiwe la thamani, na yeye peke yake wakamwandikia cleaved. Sita hizo ni za kupasua. Ya kung'ang'ania nimeikuta mara moja tu, katika kitabu kisicho na jalada, mkulima ametoka shambani baada ya mvua na udongo cleaved to viatu vyake. Niliusoma mstari huo nikauona udongo mwekundu wa kwetu, ule unaomfanya mtu arefuke kila hatua.

Nikataka kulijaribu mdomoni. Asubuhi moja mgeni mzee aliniuliza kama kuna kuni za kuwasha moto chumbani kwake, nikamjibu, yes sir, I have cloven the wood. Alivua miwani. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Alicheka, lakini si kwa dharau, akasema hajamsikia mtu akitamka neno hilo tangu babu yake afe, kwamba siku hizi linaishi vitabuni, na watu wa kawaida husema split. Nikatafuta na split. Split, split, split, haibadiliki. Kumbe neno jepesi lilikuwapo muda wote, na Mwalimu Boay na kitabu chake cha zamani wangeweza kutuachia hilo tukaishi kwa amani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafanya wakati wewe ulidhani nimekusahau. Sikusahau. Nilikuwa nakuandalia neno, kwa sababu kuandaa neno kulikuwa rahisi kuliko kuja kuketi mbele yako.

Jumanne iliyopita nilibadilishana zamu nikashuka Karatu. Mwalimu Boay amehamishiwa pale. Nilimkuta nje ya nyumba yake anaziba tairi la baiskeli. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yaliyotoka ni haya:

"Mwalimu, ile karafuu ilikuwa yangu."

Akasema hakuagiza karafuu.

Ikabidi nianze upya. Nikamweleza yote, mlangoni kwetu, ungo, sekondari ambayo sikumaliza, benchi la mbele, kuota. Mkewe alikuwa ndani na dirisha lilikuwa wazi, na sikupunguza sauti. Mwalimu alibaki ameshika pampu. Akasema, "Kwa hiyo nilimpiga kwa kusema kweli."

Nikasema ndiyo.

Akasema kwamba neno hilo hata yeye hakulijua, alilisoma kwenye majibu ya kitabu cha mwalimu asubuhi ile ile kabla ya kuingia darasani. Kisha akaomba anwani ya shule unayokwenda, anataka kukuandikia mwenyewe. Nilimwambia hilo ni lake na wewe, mimi sitaliingilia. Barua yake ikija uisome au usiisome, vyovyote utakavyoona.

Na ukweli wa siku hiyo nikumalizie wote. Nilikuwa Karatu, saa nne asubuhi, nusu saa tu kutoka nyumbani. Nilisimama pale magari ya Rhotia yanapopakia. Likaja gari lina nafasi, kondakta akaniuliza, mama unakwenda? Nikasema nasubiri mtu. Likaondoka. Nikarudi huku na gari la mboga. Mwalimu niliweza kumkabili. Wewe sikuweza.

Nimeacha kalamu kwa robo saa. Nimekwenda kwa msimamizi kuomba nishuke na mzee Daudi leo nikusindikize kesho. Amekataa, siku yangu ya kubadilishana niliitumia Jumanne. Nisingekuandikia hivi kama nisingekuwa nimeamua kuacha kujipamba, lakini alipokataa, nusu yangu ilishukuru. Nusu nyingine ndiyo inayoandika.

Msimamizi huyo huyo nilimwambia jana kwamba cheti cha kidato cha nne sina. Mwezi uliopita alikuwa amesema msimu ukichangamka angenijaribu mapokezi, kwenye meza ya mbele, nisalimie wageni. Jana alinisikiliza, akasema sawa, tutaona, akanituma mashuka. Hajalitaja tena. Hata mimi sitalitaja. Na wewe huko shuleni wakikujazisha fomu ya elimu ya mzazi, andika kidato cha pili. Usiandike tofauti kwa ajili ya kunistahi.

Na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ni neno moja tu nitakalokuambia kama mama. Sitakuambia usiseme uongo, hukusema. Nitakuambia usinyamaze namna ile tena. Ulininyamazia ili unifunike mbele ya watu, ukaninyamazia njiani, ukaninyamazia miezi tisa, na ukamficha hata Aama mkono. Nilikuona ulivyokula kwa kushoto jioni ile ukimwambia umejikata na nyasi. Si kazi ya mtoto kumfunika mama yake. Nilikuachia kazi hiyo kwa sababu uliifanya vizuri. Sasa naichukua. Mtu yeyote huko, awe mwalimu, awe kiranja, awe mimi nikija, akikuambia karafuu na wewe unaona gogo, sema gogo. Sema kwa adabu, kama ulivyosema ile Jumapili. Ulisema vizuri sana. Aliyekosa masikio alikuwa mimi.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Najua ungeniandikia nimekusamehe mama, kwa mwandiko mzuri, jinsi ulivyoandika nilivyotaka mara ya kwanza. Kaa nalo kwanza. Likikuchukua mwaka, liache likuchukue mwaka. Mimi nitaandika kila gari la Ijumaa, ujibu usijibu.

Mzee Daudi ameshapiga honi ya kwanza. Ukishafika na kutulia, kuna vitu ninavyohitaji unitumie, na nakuomba uvitume vyote katika bahasha moja ili nisivisubiri kimoja kimoja. Nitumie anwani yako kamili pamoja na jina la bweni. Nitumie unyayo wako wa kulia, uchore kwenye karatasi ukiwa umesimama, usiukisie, kwa sababu Aama anasema umeongezeka na mimi sijui tena nikununulie viatu vya ukubwa gani. Nitumie jina la kitabu cha Kiingereza mtakachoanza nacho, nitakitafuta kabatini, nisipokipata niandikie sura ya kwanza inahusu nini. Nitumie sentensi moja ambayo hukuielewa, yoyote, na chini yake maana unayoidhani wewe. Na nitumie tarehe ya siku ya wazazi. Kama hutaki nije, nitumie hivyo vingine vyote, na tarehe uiache.

Mama yako,
Paskalina